Kola Nyeupe Haikuwepo 1800: Jibu kwa Dada wa Maryland Kuhusu Picha ya Padre

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Kilema, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja hapa Maryland. Juzi jirani zetu walikuwa wanauza vitu vya mzee wao aliyefariki, nikakuta picha ya padre ya rangi za mafuta. Ni mtu wa makamo, uso mtulivu, mkononi ana kitabu, na fremu yake ya dhahabu imechubuka. Amevaa koti jeusi na ile kola nyeupe ya duara ya mapadre wetu. Nyuma kuna karatasi imebandikwa: padre Mkatoliki, Maryland, mnamo 1800. Wanataka dola 900. Sisi Wakatoliki wa Afrika Mashariki tunaosali pamoja hapa tulitaka kuichangia tuitoe zawadi parokiani. Je, tununue? Na je, yaweza kuwa John Carroll, askofu wa kwanza wa Marekani?"

Marahaba, dada. Kwa bei hiyo msinunue. Sababu umeiandika mwenyewe, ila imekupita: kola.

Sisi tuliokulia karibu na misheni tunadhani padre alizaliwa na kola shingoni. Lakini angalia tarehe zetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo 1868. Mwaka huohuo, kule Algiers, lilianzishwa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale wa kanzu nyeupe ya Kiarabu na rozari shingoni. Kwenu Kilema wamisionari walifika 1890. Kwa hiyo padre aliyemo vichwani mwetu, na aliyemo kwenye picha za ukutani za bibi zetu, ni padre wa nusu ya pili ya karne ya 19. Ukimchukua huyo ukampeleka Maryland ya 1800, hata waumini wangemshangaa.

Maryland ya wakati huo ilikuwa bado na kumbukumbu ya kujificha. Sheria ya 1704, iliyotungwa ili kuzuia Ukatoliki usienee, ilimkataza padre kuadhimisha misa hadharani. Misa zikahamia majumbani, kwenye kikanisa kilichounganishwa na nyumba ya mwenye shamba. Padre alisafiri kwa farasi, amevaa kama bwana yeyote mwenye shamba lake: koti la kahawia au jeusi, suruali ya magotini, kitambaa cheupe kimezungushwa shingoni. Watu hawakumwita "Father" wanavyomwita leo. Walimwita Bwana Fulani, basi. Mapinduzi ya Marekani yalipokwisha na sheria hizo kufutwa, mazoea hayakufutika nazo. Aliyezoea kupita bila kutambuliwa haanzi kujitangaza kwa mavazi siku ya pili yake.

Kola ya Kirumi ilikuja kuwa amri kwa mapadre wa Marekani kwenye Mtaguso wa Tatu wa Baltimore, mwaka 1884. Maaskofu waliokutana pale waliagiza kwamba padre akitoka nje avae koti jeusi linalofika magotini pamoja na kola hiyo. Kabla ya hapo kila mmoja alivaa kadiri ya malezi yake na mahali alipotoka. Basi mtu wako mwenye kola ya duara, tena nyeupe, safi, isiyo na mshono wa mbele, amechorwa miongo mingi baada ya 1800, hata kama fremu imechubuka vipi. Na hapo bado hatujajua kama ni Mkatoliki. Makasisi wa Kianglikana nao waliivaa kola hiyo katika karne hiyohiyo ya 19, na Maryland imejaa makanisa yao. Aliyeandika ile karatasi ya nyuma huenda aliona kola akaandika "Mkatoliki", kisha akatia mwaka uliomfurahisha.

Kuna mtego wa pili, nikutajie usije ukakunasa siku nyingine. Katika picha halisi za miaka ya 1800 utaona wanaume wenye joho jeusi na vitambaa viwili vidogo vyeupe vinavyoning'inia kidevuni. Wauzaji wengi huwaita mapadre. Walio wengi ni wachungaji wa Kiprotestanti wa kaskazini, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa vazi lao rasmi la mimbarini. Mapadre wa Kifaransa pia walikuwa na vitambaa vya namna hiyo, ila vyao kwa kawaida vilikuwa vyeusi vyenye ukingo mweupe, na hao wanapatikana Maryland: Wasulpisi, shirika la mapadre wa Kifaransa, walikimbia mapinduzi ya kwao Ufaransa wakafika Baltimore 1791, wakafungua seminari mwaka huohuo. Ukiona vitambaa vyeusi vyenye ukingo mweupe kwenye picha ya Baltimore, hapo simama, uvute pumzi, unipigie simu.

Sasa Carroll. Swali lako la pili nalipenda kuliko la kwanza, kwa sababu linajibika kwa hesabu tu. Askofu hutambulika kwa msalaba wa kifuani na pete. Marekani ya 1800 ilikuwa na watu wangapi wenye haki ya kuvaa msalaba huo? Carroll alichaguliwa na mapadre wenzake 1789, Papa Pius VI akathibitisha, naye akawekwa wakfu tarehe 15 Agosti 1790 huko Lulworth, kusini mwa Uingereza, kwa kuwa kwao hapakuwa na askofu wa kumweka mikono. Alikaa peke yake miaka kumi. Mwezi Desemba 1800 akapata msaidizi, Leonard Neale. Mwaka 1808 Baltimore ikapandishwa kuwa jimbo kuu, na majimbo manne mapya yakakatwa kutoka humo: Boston, New York, Philadelphia na Bardstown kule Kentucky. Maaskofu wa kwanza wa majimbo hayo waliwekwa wakfu Baltimore mwishoni mwa 1810, isipokuwa yule wa New York, aliyefia Naples kabla hajaliona jimbo lake. Kwa hiyo picha ya Marekani ya "mnamo 1800" yenye msalaba kifuani ina watu wawili tu wa kuwafikiria. Wako, kwa maelezo yako, hana msalaba, hana pete. Si Carroll.

Na Carroll tunamjua sura. Gilbert Stuart alimchora mnamo 1804, na picha iko Chuo Kikuu cha Georgetown, ambacho Carroll mwenyewe alikianzisha 1789. Toka siku ya mapumziko uende ukaulizie, si mbali na kwako. Amekaa, karibu miaka 70, ana msalaba wake, na uso wa mtu aliyeandika barua nyingi kuliko alivyotaka. Stuart alikuwa Washington kati ya 1803 na 1805, na kila mwenye jina alitaka kukaa mbele yake. Huyu ndiye mchoraji wa ile sura ya George Washington iliyomo kwenye noti ya dola moja unayotembea nayo mkobani. Sura hiyo aliichora 1796, akaiacha bila kuimaliza kwa makusudi, akawa anatoa nakala zake na kuziuza dola 100 moja. Mwenyewe alizitania kuwa ndizo noti zake za dola mia. Baba yake alikuwa Mskoti aliyesaga ugoro kwenye kinu huko Rhode Island. Nalitaja hilo kwa sababu watu hudhani picha ya askofu lazima ichorwe na mtu wa kanisa. Stuart alichora nyuso. Mavazi aliyapitia harakaharaka, wakati mwingine kwa kuchoka kabisa, lakini ngozi ya uso aliijenga kwa miguso myepesi ya rangi isiyosuguliwa pamoja, mpaka damu inaonekana inapita chini yake. Mtazame huyo padre wako: kama uso ni laini na bapa kama sahani ya kauri, na kola ndiyo iliyochorwa kwa uangalifu mkubwa, huyo mchoraji alikuwa anafuata picha ya kamera.

Ila kama ungeniuliza picha ipi ya kasisi Mkatoliki wa Marekani ya zamani ningependa uione kabla ya zote, ningekupeleka Boston, kwenye Jumba la Makumbusho ya Sanaa. Pale kuna Askofu Jean-Louis de Cheverus, kazi ya huyohuyo Stuart, mwaka 1823. Askofu ameinua mkono kubariki.

Ili uelewe uzito wa mkono huo, kumbuka ni Boston. Massachusetts ilikuwa na sheria ya 1700 iliyoamuru padre Mkatoliki akikamatwa afungwe maisha. Kila tarehe 5 Novemba vijana wa mji walikuwa wakiburuza sanamu ya Papa mitaani, kisha wanaichoma moto. George Washington alilazimika kuwakataza askari wake mchezo huo 1775, wakati Marekani inawabembeleza Wakatoliki wa Kanada wawe upande wake. Katika mji huo ndipo alipoingia Cheverus 1796, Mfaransa mkimbizi wa miaka 28 aliyepitia Uingereza. Miaka minne baadaye akashtakiwa kwa kufungisha ndoa ya Wakatoliki huko Maine, kwa hoja kwamba si mchungaji anayetambuliwa na sheria. Aliponea chupuchupu. Mwaka 1806 Waayalandi wawili, Dominic Daley na James Halligan, walihukumiwa kunyongwa Northampton kwa mauaji. Cheverus alisafiri kwenda kukaa nao, akawahubiria watu waliokusanyika kuona kamba, akawasema kwa kuja kutazama kifo kama tamasha. Massachusetts iliwasafisha majina rasmi 1984. Katikati ya hayo alikuwa anakwenda kwa Wapenobscot na Wapassamaquoddy, Wenyeji wa Maine ambao Ukatoliki walikuwa nao tangu zamani za Wafaransa, na alijitahidi kujifunza lugha yao.

Polepole mji ukageuka. Kanisa la Msalaba Mtakatifu lilipotaka kujengwa, Charles Bulfinch, msanifu majengo mkubwa wa Boston na Mprotestanti, alichora ramani bila malipo, na kwenye orodha ya wachangiaji kuna jina la Rais John Adams. Likafunguliwa 1803. Mfalme wa Ufaransa alipomwita Cheverus arudi kwao 1823, Waprotestanti zaidi ya 200 walitia saini barua ya kumwomba mfalme amwache alipo. Haikusaidia. Alirudi, akawa askofu wa Montauban, baadaye askofu mkuu wa Bordeaux, na mwaka aliofariki, 1836, alifanywa kardinali.

Picha ilichorwa katika miezi hiyo ya kuagana, na aliyeiagiza ni bibi wa familia tajiri ya Boston, Bi Gore. Tazama basi: haikulipiwa na jimbo wala haikuagizwa kwa ajili ya sakristia. Ilikwenda kuning'inizwa sebuleni, kwenye mji uliokuwa ukichoma sanamu ya Papa, na ndani yake askofu ananyoosha mkono wa baraka kuelekea yeyote anayeingia. Mimi nikisimama mbele yake huwa najiuliza wageni wa Bi Gore walijifanyaje wakinywa chai. Na hapo ndipo linapotoka swali ninaloliuliza mbele ya kila picha ya kasisi: nani alilipa, na ilikwenda kutundikwa wapi? Padre wa kawaida wa 1800 hakuwa na dola 100 za Stuart. Carroll alipoiandikia Roma 1785 alihesabu mapadre 19 Maryland na 5 Pennsylvania. Kundi dogo namna hiyo haliwezi kuwa limeacha picha za mafuta zikizagaa kwenye minada ya mitaani.

Barua hiyo ya 1785 ina hesabu nyingine ambayo ninyi mnaotaka kutundika picha parokiani ni vizuri mkaijua. Carroll anasema Maryland ina Wakatoliki kama 15,800, na kati yao karibu 3,000 ni watumwa wenye asili ya Afrika. Mapadre wa Maryland waliishi kwa mashamba, na mashamba yalilimwa na watu hao. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliuza watu 272, wakubwa kwa watoto, kwenda Louisiana, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya Georgetown. Kwa hiyo ukienda kumwona Carroll pale chuoni, ujue umeingia nyumba gani. Sisemi picha isitundikwe. Nasema asiwepo Mswahili atakayeulizwa na mwanawe "baba, na sisi tulikuwa wapi wakati huo?" akabaki ameduwaa.

Jibu lake lingine lipo Baltimore hapohapo. Joshua Johnson, mwana wa mama mtumwa na baba Mzungu, aliachwa huru 1782, akajitangaza gazetini 1798 kama mchoraji aliyejifundisha mwenyewe, na leo picha zaidi ya 80 zinahesabiwa kuwa zake. Moja tu ina saini yake. Kwenye kumbukumbu za mji anatokea mwaka mmoja miongoni mwa watu huru weusi wenye nyumba zao. Chuo cha Bowdoin, Maine, kinayo picha ya kasisi mweusi inayohesabiwa kuwa mkono wake. Kama mnatafuta kitu cha kuwapa parokia, nakala nzuri iliyochapwa ya kazi ya Johnson ingenigusa mimi kuliko huyo bwana wa kola.

Tuje kwenye kitu chenyewe, kwa sababu najua utarudi pale Jumamosi kukitazama tena.

Igeuze picha. Nyuma ndiko ukweli uliko, mbele ni maneno matamu. Turubai la 1800 ni kitani kilichofumwa kwa mkono, nyuzi hazilingani unene, na kwa miaka 200 limekuwa la kahawia iliyokolea kama chai ya rangi. Likiwa jeupe au la pamba, tia shaka. Pembeni linatakiwa limeshikwa na misumari midogo yenye vichwa visivyofanana, imekula kutu mpaka ikachoma kitambaa. Pini za stepla maana yake ni karne ya 20, ama kwa picha nzima ama kwa ukarabati. Pima ukubwa: picha nyingi za kichwa na mabega za wakati ule zilifuata kipimo cha London, sentimita 76 kwa 63 hivi. Usiogope ukikuta mbao badala ya turubai. Stuart mwenyewe, biashara na Uingereza ilipofungwa 1807 na turubai kuadimika, alichora juu ya mbao za mkangazi wa Amerika alizokwaruza mistari ili zifanane na kitambaa.

Kisha chukua ile tochi ya kukagulia noti bandia, ingia nayo chumba chenye giza. Vanishi ya zamani inawaka kijani hafifu, kama ukungu juu ya maji. Mahali palipopakwa rangi baadaye panabaki peusi, vipande vipande. Ukiona sura yote inawaka sawasawa isipokuwa shingo, ambayo ni nyeusi tii, nitafurahi sana kuwa nimekosea. Itakuwa mtu fulani alichukua picha ya kale ya bwana wa kawaida mwenye kitambaa cheupe shingoni, akampaka kola juu ili amuuze kama padre. Limewahi kufanyika. Na hapo chini ya kola kuna kazi ya kweli ya 1800, ingawa si ya padre.

Zaidi ya hapo ni maabara. Nyeupe ya titani haikuwepo madukani kabla ya miaka ya 1920 hivi, na kifaa cha miale kinaitambua kwa dakika chache bila kugusa rangi. Gharama yake, lakini, itazidi thamani ya picha yako, hivyo sikushauri.

Usinione najifanya mjuzi tangu kuzaliwa. Mwaka wangu wa tatu kwenye kazi hii ya kukarabati picha niliuziwa "mchungaji wa 1810" na mzee mmoja mwenye maneno laini, nikalipa mshahara wa miezi miwili. Nilimsafisha nusu uso kabla sijafikiria kutoa fremu. Nilipoitoa, chini yake pembeni palikuwa na muhuri wa duka la turubai, pamoja na namba ya simu ya duka. Namba ya simu, dada. Bado ninaye, yuko juu ya meza yangu, nusu msafi nusu mchafu.

Bei sasa. Fremu, kama ni ya mbao iliyopakwa dhahabu ya jani na si plasta iliyopulizwa rangi, ina thamani yake peke yake. Mpe jirani dola 150, ukimweleza waziwazi kwamba unanunua picha ya padre asiyejulikana wa mwishoni mwa karne ya 19 au baadaye, usimfiche ulichokijua. Akikataa, mshukuru uondoke. Akikubali, usiifute hata vumbi kwa kitambaa chenye maji, usiisugue kwa kiazi wala mkate kama wanavyofundishana kwenye video, na usiitundike juu ya kipasha joto.

Na ile karatasi ya nyuma usiibandue, hata kama inasema uongo. Ipige picha karibu, mwandiko na gundi vionekane, unitumie. Pengine imeandikwa na mtu aliyemjua huyo padre kwa jina.